Chulebuni: Buni Zinazooza Kabla ya Kuvunwa

Mkulima wa kahawa katika milima ya Umatengo hupata mavuno mamoja tu kwa mwaka. Mibuni huchanua mwisho wa kiangazi, mnamo Oktoba na Novemba. Buni hunenepa wakati wa mvua. Kisha huanza kuiva mwezi Mei au Juni, mvua zikiwa zimekwisha na baridi imeingia. Buni zikioza mtini, hakuna mavuno ya pili ya kuziba pengo. Ada ya shule, bati la nyumba, mbolea ya mahindi ya kwenye ngoro, vyote vinangoja buni zile zile.

Ugonjwa unaoziozesha huitwa chulebuni. Kuna jambo moja ambalo msomaji akilishika, mengine yote ya somo hili yatakuwa mepesi. Buni unayoiona nyeusi mwezi Aprili au Mei haikuugua juzi. Iliambukizwa miezi iliyotangulia, mara nyingi ilipokuwa bado changa na laini, kati ya Desemba na Februari. Nayo iliambukizwa na uchafu uliobaki shambani tangu mavuno ya mwaka uliopita. Kwa hiyo mkulima anayekimbilia dukani kununua dawa wakati buni zinakaribia kuiva anamnywesha maiti dawa. Fedha ile ile, na hata nusu yake, ingeokoa mengi kama ingetumika mapema zaidi.

Ugonjwa wenyewe

Chulebuni huletwa na kuvu. Wataalamu huiita Colletotrichum kahawae, jina ambalo nusu yake kila mkulima atalitambua. Ilionekana mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Mwaka 1964 ilikwisha kufika Kilimanjaro, na mwaka 1971 ikaonekana Ethiopia, kwenye asili ya kahawa yenyewe. Mpaka leo ni ugonjwa wa Afrika peke yake. Brazil na Kolombia hawaujui, nao wanauogopa sana. Hushika kahawa ya arabika, ambayo ndiyo kahawa yetu. Katika mwaka mbaya, shamba lisilotunzwa laweza kupoteza buni 80 katika kila 100.

Kuvu hii hupenda vitu viwili, maji na ubaridi wa wastani. Mbegu zake ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Mbegu ikitua juu ya buni kavu haifanyi kitu. Ikitua juu ya buni iliyolowa, na buni ikabaki imelowa kwa muda wa saa tano hivi, mbegu huota na kupenya ndani. Joto linaloipendeza ni nyuzi 20 hadi 22 za Selsiasi. Sasa fikiri juu ya shamba la Litembo au la Maguu mwezi Januari: mvua jioni, ukungu usiku kucha, na jua halipenyi ndani ya mti mpaka saa nne asubuhi. Kuvu haina haja ya kutafuta mahali pengine.

Ndiyo maana ugonjwa huu ni mkali zaidi kadiri unavyopanda mlima, hasa kuanzia mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wenzetu wa Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, wanaona tofauti hii wazi. Pale Mbamba Bay na Liuli, ambako ziwa liko chini ya mita 500, watu hulima mihogo, mpunga na korosho, na joto lake si la kahawa ya arabika. Ukipanda kuelekea Tingi, kahawa inaanza, na chulebuni nayo inaanza. Katika mashamba ya chini, adui mkubwa zaidi huwa ni kutu ya majani, ile poda ya rangi ya chungwa chini ya jani. Huo ni ugonjwa mwingine, una somo lake.

Mbegu za kuvu haziruki na upepo kwenda mbali. Hurushwa na matone ya mvua, kutoka buni moja hadi nyingine, na kutoka matawi ya juu hadi ya chini. Husafiri pia katika mikono ya wachumaji, nguo zao, vikapu, na hata miguu ya ndege. Mvua zikiisha, kuvu haifi. Hujificha katika gome la vitawi vichanga, na hasa katika zile buni nyeusi zilizokauka ambazo hubaki zinaning'inia mtini kama shanga. Kila moja ya shanga hizo ni ghala la ugonjwa.

Kuujua kwa macho

Buni changa sana, ya ukubwa wa kichwa cha pini, huwa haishikwi kwa urahisi. Kuanzia wiki ya nne hivi baada ya maua mpaka wiki ya kumi na nne au kumi na sita, buni hunenepa haraka, nyama yake ni laini, na huo ndio wakati wa hatari kubwa. Baadaye punje za ndani hukomaa na kuwa ngumu, na buni ya kijani hupata nguvu ya kukataa ugonjwa. Inapoanza kuwa nyekundu, hulegea tena. Kuvu iliyokuwa imelala ndani ya ngozi huamka, na mkulima hushangaa kuona buni iliyokuwa nzima inaoza wiki chache kabla ya kuchumwa.

Dalili huanza kwa kidoa cheusi kidogo, kilichobonyea ndani kama kwamba mtu amekibonyeza kwa ncha ya kidole. Kidoa hupanuka na kuungana na vingine mpaka buni yote huwa nyeusi na ndani hubaki tupu. Hali ya hewa ikiwa ya unyevu, juu ya kidoa huonekana utando wa rangi ya waridi iliyofifia. Hizo ndizo mbegu za kuvu, maelfu kwa maelfu. Wakati mwingine kuvu hushika kikonyo, na buni huanguka ikiwa bado kijani bila doa lolote. Kwa hiyo usitazame juu ya mti tu, inama uangalie na chini.

Kuna vidoa vya namna nyingine, vyenye rangi ya kahawia iliyopauka, vikavu kama gamba, ambavyo havibonyei sana. Ni kuvu ile ile, lakini buni imeizuia. Buni nyingi za namna hii huiva vizuri. Usizitupe.

Usichanganye chulebuni na mambo mengine. Buni iliyobabuka upande mmoja tu, ule unaoelekea jua, imechomwa na jua. Doa la kahawia lenye kitovu cheupe ni ugonjwa mwingine, ambao mara nyingi huonyesha kwamba mti una njaa ya mbolea. Buni yenye kitundu kidogo cha mviringo kwenye ncha imetobolewa na mdudu. Kila moja ya hizi ina tiba yake, na dawa ya kuvu haimdhuru mdudu hata kidogo. Nimewaona wakulima wenye bidii wakipulizia shaba mara tano juu ya buni zilizotobolewa.

Hesabu kabla ya kununua dawa

Kabla hujatumia shilingi moja, jua kiasi cha ugonjwa ulio nao. Chagua mibuni 10 iliyotawanyika shambani, usichague ile ya pembeni mwa njia peke yake. Katika kila mti funga kamba kwenye matawi matatu: moja la juu, moja la kati, moja la chini. Hesabu buni zote za matawi hayo 30, kisha hesabu zenye ugonjwa. Tuseme umepata buni 600, na 90 zina doa jeusi. Basi katika kila 100 buni 15 ni gonjwa. Andika katika daftari pamoja na tarehe. Rudi baada ya wiki tatu uhesabu matawi yale yale. Idadi ikipanda upesi, ugonjwa unakimbia. Ikisimama, kazi yako inafaa. Kumbuka tu kwamba buni zilizoanguka zitakosekana katika hesabu ya pili. Tofauti ya jumla itakuonyesha ni ngapi zimekwenda.

Mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya hesabu hii vizuri kuliko mzee mwenye macho mabovu. Mpe kazi hiyo.

Kazi ya kiangazi

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, na kazi yenyewe huanza siku mchumaji wa mwisho anapotoka shambani, mnamo Septemba.

Kwanza, safisha mti. Chuma buni zote zilizobaki, nyekundu, nyeusi, kavu na zile chache za kijani zilizotokana na maua ya mapema. Hizi za mapema zina hatari ya pekee, kwa sababu huwa tayari zimenenepa wakati buni za msimu zinaanza, na huzipa ugonjwa kama mkubwa anavyompa mdogo mafua. Zile nyeusi usizitupe chini ya mti, wala usizirundike pembeni mwa shamba. Zifukie katika shimo la futi mbili, au zichome. Najua kwamba katika vijiji vingi masalia huachwa mtini ili watoto waokoteze baadaye na kupata senti za daftari. Ni desturi nzuri, lakini waokoteze mapema na wamalize. Mti unaoingia Novemba na shanga nyeusi umekwisha kubeba ugonjwa wa mwaka mzima.

Pili, pogoa. Hapa ndipo ninapobishana na wakulima kila mwaka. Mtu hutazama tawi na kuona ndani yake debe la kahawa, basi mkono wake unakataa kukata. Lakini mbuni wenye shina sita au saba, na maotea yaliyojaa katikati, haukauki. Umande wa usiku hubaki ndani yake mpaka adhuhuri, na tulikwisha kusema kwamba kuvu inataka saa tano tu. Acha mashina mawili au matatu yenye nguvu. Ondoa maotea yote, isipokuwa lile unalolitayarisha kuchukua nafasi ya shina lililozeeka. Kata matawi yaliyokufa, yanayopishana, yanayorudi ndani, na yale yanayogusa ardhi. Ukimaliza, simama upande mmoja wa mti; kama unamwona mwenzako aliyesimama upande wa pili, umepogoa vizuri. Kama humwoni, rudia.

Kupogoa kuna faida nyingine ambayo mfuko utaihisi. Mti uliofunguka hupuliziwa kwa dawa kidogo zaidi, na dawa hiyo hufika kwenye buni badala ya kuishia kwenye majani ya nje.

Migomba iliyobanana kati ya mibuni nayo ipunguzwe, na miti ya kivuli ikatwe matawi ya chini ili hewa ipite. Sisemi kivuli kiondolewe chote. Nasema shamba lipumue.

Maotea hayangoji kiangazi kingine. Yatarudi mvua zikianza. Pita kila mwezi uyavunje kwa mkono yakiwa laini. Hii ni kazi ya nusu siku kwa shamba dogo, na haina gharama yoyote.

Kupulizia dawa

Dawa za shaba, ambazo wazee bado huziita mrututu, hazitibu buni iliyoshikwa. Kazi yake ni kama ya koti la mvua: hulivaa kabla hujalowa. Mbegu ya kuvu inayotua juu ya ngozi yenye shaba hufa kabla haijaota. Iliyokwisha kuingia ndani haiguswi. Basi mpulizie wa kwanza uwe mvua zinapoanza, buni zikiwa bado ndogo; kisha rudia kila baada ya wiki tatu au nne mpaka buni zikomae na kuwa ngumu. Hesabu wiki kutoka siku ya maua makubwa, na uiandike siku hiyo. Mvua kubwa ikinyesha dawa ikiwa haijakauka, dawa imekwenda na maji.

Kenya walijifunza jambo hili kwa hasara. Katika miaka ya 1960 wakulima wengi walipulizia mapema tu, kabla ya mvua kubwa, wakaacha. Miaka ya mvua nyingi ikaja ikaonyesha kwamba buni zilihitaji kulindwa katika mvua zenyewe. Miaka ya 1970 zikaja dawa mpya zinazoingia ndani ya mmea. Zilifanya kazi vizuri ajabu kwa misimu michache, zikatumika peke yake mwaka baada ya mwaka, na kuvu ikazizoea. Shaba haijazoeleka kwa namna hiyo. Ukishauriwa kutumia dawa ya kuingia ndani, itumie kwa kupokezana na shaba, usiitegemee peke yake.

Kipimo kifuate karatasi ya kopo, kwa maana dawa za shaba hazina nguvu sawa. Pima kwa mizani au kwa kijiko kilichokuja na dawa, usipime kwa jicho. Koroga kwanza katika maji kidogo mpaka iwe kama uji mwepesi, ndipo uimimine katika bomba. Anza juu ya mti, shuka, kisha elekeza mdomo wa bomba kutoka chini kwenda juu ili vishada vilowe pande zote. Tikisa bomba mara kwa mara, maana shaba hutuama.

Vaa glavu, buti, na kitambaa puani. Usipulizie ukielekea upepo. Na usioshe bomba mtoni. Mto Ruvuma huanzia katika milima yetu hii, na vijito vingine hushuka kuingia katika Ziwa Nyasa. Shaba ni sumu kwa samaki. Anayevua usipa kule Lituhi hana habari na chulebuni yako, lakini maji ni yale yale.

Buni zikikaribia kuiva

Tuseme umechelewa, au umefanya yote na bado buni nyeusi zimeonekana mwezi Aprili. Kupulizia sasa kutakupotezea fedha, na dawa itabaki juu ya buni utakayoivuna. Weka bomba chini. Yaliyobaki ni kazi ya mikono.

Pita shambani siku kavu, umande ukiwa umekwisha, uchume buni nyeusi na kuzitia katika mfuko, si katika kikapu cha kuchumia. Usifanye kazi hii mti ukiwa umelowa, maana mikono yako itasambaza kuvu kuliko mvua. Anza na sehemu ya shamba iliyo nzima, umalizie iliyo na ugonjwa. Zifukie siku hiyo hiyo.

Uchumaji ukianza, rudi kila baada ya wiki moja au mbili uchume zilizoiva tu. Buni iliyoachwa mpaka iwe na rangi ya zambarau ni mlango wa kuvu na wa mdudu pia. Kabla ya kumenya, tia buni zote katika maji: nzito huzama, tupu na gonjwa huelea. Zinazoelea ziondoe, zikaushwe peke yake. Buni yenye chulebuni ganda lake hushikamana na punje, na mashine huiponda badala ya kuimenya. Vipande vyake vikiingia katika kahawa safi, mzigo wote hushuka daraja. Ukipeleka kahawa mbivu kwenye mtambo wa AMCOS, chambua nyumbani. Mtambo huo unakusanya kahawa ya watu wengi, na ndoo moja mbaya haiharibu kahawa ya mwenye ndoo peke yake.

Menya siku ile ile uliyochuma. Kausha juu ya vichanja, tandaza nyembamba, geuza mara nyingi kwa siku, na funika usiku na wakati wa ukungu. Kahawa inayorundikwa ikiwa mbichi hupata ukungu wa ghalani, na hapo utakuwa umeiokoa kwa kuvu moja ukaipoteza kwa nyingine.

Mibuni mipya

Mibuni mingi ya zamani, kama N39 na KP423, ina ladha nzuri sana, lakini haina kinga ya chulebuni. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, ambayo wengi huiita TaCRI, makao yake yakiwa Lyamungu, imetoa aina za chotara zinazokataa chulebuni na kutu ya majani. Kituo chake cha Ugano kiko hapa hapa Mbinga. Mwenye mibuni hii huokoa gharama kubwa ya dawa, ingawa kupogoa hakumwishii.

Kung'oa mti alioupanda baba yako si jambo dogo, nami simwambii mtu ang'oe shamba zima kwa mara moja. Mche mpya hautakupa kitu cha maana mpaka mwaka wa tatu, na kwa miaka hiyo nyumba inakula. Ng'oa robo ya shamba, ile iliyo bondeni ambako ukungu hukaa sana na ugonjwa ni mkali. Panda maharage katikati ya miche wakati unangoja. Ikianza kuzaa, endelea na robo ya pili.

Jihadhari na jambo moja. Usiokote mbegu chini ya chotara ya jirani ukaotesha kitalu chako. Miche ya chotara hutolewa kwa vikonyo au kwa kubebesha, ili ifanane na mama yake kabisa. Mbegu yake huzaa watoto wa kila namna. Mmoja ana kinga, mwingine hana, na hutawatambua mpaka mwaka wa tatu au wa nne, buni zitakapokuwa nyeusi. Pata miche Ugano au katika vitalu vya vikundi vinavyotambuliwa na kituo, na uiagize mapema. Mashimo yachimbwe kiangazi, Agosti au Septemba, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, yajazwe udongo wa juu na samadi iliyooza, yaachwe yatulie mpaka mvua za Desemba.